Unataka kuona nyota ukiwa juu ya ploti? Usidanganywe na namba za darubini

Tangazo umeliona. Linatokea katikati ya video ya mapishi na ya mpira: jamaa amesimama kilimani, anaelekeza darubini nyeusi kwa mwezi, halafu ghafla mwezi unajaa skrini nzima hadi unadhani utaona mtu akianika nguo huko. Chini imeandikwa 90x80, "usiku na mchana", bei imekatwa nusu, na unalipa ikifika mlangoni. Kabla hujatoa doo, tafuta rula.

Ndiyo, rula ile ya shule. Namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini sio urembo, na moja kati yazo unaweza kuipima hapo hapo mbele ya muuzaji. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele, kwa milimita. Darubini ya 10x50 inavuta mara 10, na kila lenzi yake ya mbele ina upana wa sentimita 5. Ikiwa imeandikwa 80, basi lenzi hiyo lazima iwe na upana wa sentimita 8, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Sasa rudi kwa ile ya tangazo. Inaingia mfukoni. Kitu chenye lenzi mbili za sentimita nane nane hakiingii mfuko wa jeans yoyote unayoijua. Ziko darubini ndogo zimeandikwa 30x60 na ukiziwekea rula unapata sentimita mbili na kidogo. Hapo mazungumzo yamekwisha, rudisha mezani.

Lakini tuseme namba ni za ukweli. Bado kuna mtego, nao ndio unaokula pesa za wasee wengi: tumezoea kudhani namba kubwa ndio bora, kama megapikseli za simu. Kwa darubini ya mkono ni kinyume. Inapovuta mwezi mara 20, inavuta pia mtetemo wa mikono yako mara 20. Hutaona mlima wowote kwenye mwezi, utaona taa inayocheza gengetone. Ndiyo maana watu wanaojua hizi mambo husimama kwa 10. Zaidi ya hapo unahitaji tripodi, na tripodi nzuri nayo ni bajeti nyingine.

Kuna hesabu moja tu ya kujua. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 50 gawa kwa 10 ni 5. Hiyo ni milimita 5, upana wa kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Ukiishika mbali kidogo na uso na kuielekeza mahali penye mwanga, utakiona kile kiduara kikielea kwenye lenzi ndogo. Gizani mboni ya jicho la kijana hufunguka mpaka karibu milimita 7. Darubini ikitoa milimita 5, unapata mwanga mzuri. Ile ya 90x80, hata kama ingekuwa ya kweli, inatoa chini ya milimita moja: picha ya giza, ya ukungu, inayotetemeka. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hesabu hii naifanya kwa kalkuleta ya simu. Muuzaji pia anaweza kuifanya, akitaka.

Na hayo maneno "usiku na mchana" yapuuze tu. Kioo hakitengenezi mwanga, kinakusanya ule uliopo. Vifaa vya kuonea gizani ni vya aina nyingine kabisa, vina betri, na bei yake ingekufanya uhame keja.

Sasa, ni gani ya kununua ukiwa unakaa Umoja, Kayole, Dandora, Donholm au Pipeline? Jibu la mtu wa kijijini na jibu la mtu wa Eastlands sio moja, na sababu yake imesimama juu ya mlingoti. Mulika mwizi. Sisemi zizimwe, anayeshuka matatu saa tano usiku anajua faida yake. Lakini taa hizo, pamoja na za maduka, za barabara na za maghorofa, zimefanya anga letu lisiwe jeusi. Ni la kijivu, na upande wa mjini linakaribia rangi ya chai ya maziwa. Vitabu vingi vya nyota husifu darubini ya 7x50, ambayo ni nzuri sana mahali pa giza. Hapa kwetu itakukusanyia mwanga wa nyota pamoja na ule ukijivu wote. Ya 10x50 ina lenzi ya upana ule ule lakini inavuta zaidi, kwa hivyo anga la nyuma linakuwa jeusi kidogo na nyota zinajitokeza. Kama lengo lako ni anga pekee, chukua 10x50. Kama unataka pia ndege, mechi uwanjani na safari ya mbuga siku ukipata mwaliko, chukua 8x42. Ni nyepesi, haitetemeki sana, na inaonyesha eneo pana zaidi. Ningekuwa na pesa ya moja tu, ningechukua 8x42, kwa sababu anga la Nairobi huwa na mawingu usiku mwingi, hasa Julai na Agosti, na darubini inayokaa kabatini miezi miwili ni hasara.

Unaipata wapi? Mpya ziko mtandaoni na katika baadhi ya maduka ya kamera mjini, lakini majina makubwa kama Nikon na Bushnell huigwa, kwa hivyo jina pekee lisikutulize. Mimi napenda za mtumba. Kwenye vibanda vya bidhaa kuukuu huwa zinaingia pamoja na kamera za zamani, na kuna za Japani za miaka ya sitini na sabini, nzito kama tofali, zinazoshinda mpya nyingi za bei rahisi. Za Kisovieti pia zipo, zile zenye maandishi ya Kirusi, chuma tupu. Shida ya mtumba ni moja: huwezi kuinunua kwa picha ya WhatsApp. Lazima uishike.

Ukiishika, kwanza angalia rangi inayorudi kwenye lenzi ya mbele. Rangi ya zambarau au kijani iliyofifia ni nzuri, ina maana kioo kimepakwa dawa ya kupitisha mwanga. Ikiwa inang'aa nyekundu au chungwa kama kioo cha miwani ya matembezi, achana nayo. Inarudisha nje mwanga ambao ulitaka uingie. Kisha washa tochi ya simu na umulike ndani ukiwa upande wa lenzi kubwa. Vumbi kidogo sio neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na inaendelea kula kioo hata ukiwa umelala.

Halafu jaribu kubwa, ambalo wengi wanaruka. Toka nje ya duka, tafuta kitu cha mbali chenye ncha kali: antena, ncha ya mlingoti, kona ya ghorofa. Angalia kwa macho yote mawili kwa dakika nzima. Ukiona picha mbili zinazokataa kuungana, au ukisikia kichwa kikianza kuvutwa, mirija miwili haiko sambamba. Pengine ilianguka. Muuzaji atakuambia macho yatazoea. Ni kweli yatazoea, kwa sababu ubongo unajilazimisha, halafu unaenda kununua dawa ya kichwa. Kurekebisha inawezekana, lakini fundi wa simu sio fundi wa darubini.

Kama unavaa miwani, usiivue dukani. Vaa hivyo hivyo ujaribu. Ukiona duara dogo tu katikati, kana kwamba unachungulia kwa tundu la kufuli, hiyo haikufai. Wenye miwani wanahitaji darubini inayokubali jicho likae mbali kama milimita 15 au zaidi, na huwa imeandikwa kwenye karatasi zake.

Kuna kitu kimoja ambacho hata waliomiliki darubini miaka mingi hawajui: karibu kila darubini ina pete ya kuzungusha kwenye jicho la kulia. Macho yako mawili hayafanani. Funga la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione sawasawa. Kisha funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha ile pete mpaka la kulia nalo lione sawasawa. Umemaliza. Kuna watu wamesema darubini zao ni mbovu, kumbe hawajawahi kuigusa pete hiyo.

Tufike juu. Paa za ploti nyingi hufungwa, kwa hivyo utaanza na keyateka. Mweleze unachofanya, mwonyeshe mwezi, na mara nyingi ataanza kukuuliza wewe kama leo mnapanda. Huko juu usisimame katikati kama mlingoti. Egemea tangi la maji, bana viwiko kifuani, au keti chini mgongo ukiwa ukutani. Kwa vitu vya juu kabisa lala kwenye mkeka. Ujanja mwingine ni fagio: simamisha mpini mbele yako, pumzisha darubini juu yake, na mtetemo unapungua ajabu. Jikinge pia na mulika mwizi; ukuta au shuka lililoanikwa linatosha kuziba taa isikupige jichoni. Na simu iweke mfukoni, kwa sababu jicho linahitaji kama dakika ishirini kuzoea giza, na ujumbe mmoja tu wa WhatsApp unakurudisha mwanzo.

Anza na mwezi, lakini sio mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni kama mtu aliyepigwa picha na flashi usoni, hauna vivuli. Ngoja ule wa nusu, kama siku saba baada ya kuandama. Kwenye mstari kati ya mwanga na giza utaona mashimo na milima, kila moja na kivuli chake. Nakuhakikishia utasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuchapa. Kupatwa kwa mwezi nako ni salama kutazama. Septemba 7, 2025, mwezi uligeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku kwa zaidi ya dakika 80. Jua ni hadithi nyingine. Usielekeze darubini kwa jua hata sekunde moja, hata likiwa linatua nyuma ya maghorofa. Lenzi zinazokusanya mwanga wa nyota zinakusanya pia moto wa jua, na jicho halina maumivu ya kukuonya kabla halijaungua. Mnaotafuta mwezi mwandamo kule Eastleigh na Pumwani, subirini jua lizame kabisa ndipo mnyanyue.

Mshtarii ndio unaofuata. Ni ile nyota nyeupe kali isiyopepesa, na ukiituliza kwa 10x50 utaona vidoti vidogo vimepangwa kwa mstari kando yake. Hivyo ni miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo aliiona Januari 1610 kwa chombo ambacho leo hungekinunua. Rudi kesho, utakuta imebadilisha nafasi. Zohali nayo usiitegemee, pete zake zinahitaji teleskopu.

Kuanzia Novemba hadi Machi, tafuta Kilimia. Jina lenyewe linatoka kwa kulima. Wazee waliitumia kujua msimu wa shamba umefika. Kwa jicho tupu Eastlands utahesabu nyota tano au sita ukibahatika. Weka darubini, na zinakuwa makumi. Kwangu hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwa darubini ya mkono, na teleskopu kubwa hukiharibu kwa sababu inavuta mno na kukata kundi. Hapo karibu kuna Jabari, ambayo wengi wanaijua kama Orion, yenye nyota tatu kwa mstari mmoja. Kando ya mstari huo kuna upanga wake, na katikati ya upanga utaona kama mtu amepuliza pumzi kwenye kioo. Ni wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300. Sisi tuko kama digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo Jabari hupita karibu kabisa juu ya utosi. Mtu wa London anaiona chini upande wa kusini, na Salibu, ule msalaba wa kusini, hauoni kabisa. Wewe unauona, na urefu wake wa digrii 6 unaingia wote ndani ya darubini moja ya 10x50 ya kawaida.

Ukiona kidoti kinachotembea polepole bila kupepesa wala taa nyekundu, hiyo ni setilaiti. Na hapa Kenya tuna historia ambayo shule hazituambii sana. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu, ikaitwa Uhuru. Taifa-1 ya Aprili 2023 wengi mnaijua. Iliyotutangulia kwa zaidi ya miaka hamsini ndiyo hamuijui.

Mchana usiifungie. Eastlands ina ndege wengi kuliko unavyodhani. Mwewe wanaowapokonya watoto wa shule mandazi mkononi, watazame kwa 8x42 uone wanavyogeuza mkia kama usukani. Korongo wale wakubwa wenye kipara wanaozunguka juu ya jaa la Dandora, wakiwa hewani ni warembo, amini usiamini. Na mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule upande wa Ruai, yanatambuliwa kimataifa kama eneo muhimu la ndege. Kati ya Oktoba na Aprili hufika wageni kutoka Ulaya na Asia. Ni eneo la kazi lenye lango, kwa hivyo omba ruhusa kwanza na uende na wenzako. Ukitaka kujaribu darubini kabla ya kununua, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, desturi iliyoanza 1971. Utakuta watu wana za kila aina shingoni. Uliza kwa heshima, ujaribu.

Sasa ile mambo nyeti. Kijana juu ya ghorofa, usiku, na darubini, katikati ya madirisha mia mbili. Unajua watu watafikiria nini, na hawatakuwa na makosa, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo hivyo wanavyofikiria. Darubini ikiwa machoni, iwe inaangalia juu. Ukitaka kuishusha, itoe machoni kwanza, ndipo ugeuke. Usiwe peke yako kama unaweza, na usijifiche. Anayejificha ndiye anayepigiwa kelele ya mwizi. Mchana, usielekeze kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, na ukiwa Embakasi usizurure kando ya ua la uwanja wa ndege ukitazama ndege zikipaa. Walinzi hawatakuuliza kama ni 8x42 au 10x50.

Na siku ukichoka na ukijivu, panda matatu za Kangundo Road hadi Kamulu au Joska, kama una jamaa wa kulala kwake. Kila ukisonga mbali na mji, anga linaongeza nyota. Au subiri stima ipotee. Agosti 25, 2023, usiku, ilipotea karibu nchi nzima. Uliangalia juu, au ulikuwa unatafuta mshumaa?

Neno la mwisho ni la watoto, kwa sababu watakuja. Ukipanda na darubini mara mbili, ya tatu utapata foleni ya watoto wa ploti nzima, na mama mmoja amebeba mtoto mgongoni akidai yeye ni msindikizaji tu. Macho ya mtoto yako karibu kuliko yako, kwa hivyo kunja darubini pale katikati mpaka aone duara moja badala ya mawili. Atakuambia ameona hata kama hajaona, ili asionekane mshamba. Muulize mwezi umekatwa upande gani, utajua. Usifute lenzi kwa tisheti wakikugusia na vidole vya chapo. Puliza vumbi kwanza, kisha tumia kitambaa laini cha miwani. Na kabla mtoto yeyote hajaishika, mvalishe kamba shingoni. Ghorofa ya tano ni mbali, na chini kuna mama anayeuza mboga.